Waini ya Afya na Kigoda cha Mpishi

Mke wangu ameokoka tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hajawahi kugusa pombe kwa kujua. Na mwaka jana alikunywa pombe kwa muda wa mwezi na zaidi, glasi ya asubuhi na glasi ya jioni, akimshukuru Mungu kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Naandika haya nikiwa bado na hasira. Watoto wangu wananiambia, mzee tulia, utapata presha na wewe. Lakini presha ndiyo hasa habari yenyewe, kwa hivyo waniache niimalize.

Shule niliachia darasa la nne, huko kwetu Magharibi, baada ya mwalimu kunichapa kwa sababu ya jembe lililopotea. Jembe hilo sikuliiba. Aliyeliiba namjua, na alikuja kuwa mzee wa kanisa, lakini hayo ni mengine. Nimelitaja ili msomaji akinikuta nimepinda njia anisubiri hapo hapo kwenye kona. Nitarudi.

Tunaishi Kibera, upande wa Mashimoni, na mlango wetu unatazamana na kibanda cha maji. Mtu anayekaa mbele ya kibanda cha maji hahitaji redio. Akina mama wanapanga jerikeni zao, na wakati jerikeni zinangoja, midomo haingoji. Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza habari ya waini ya afya. Mmoja alisema imemfungua damu. Mwingine alisema magoti yake sasa yanakunja kama ya msichana, na ili tuamini akachuchumaa, na kuinuka ilibidi ashikwe mkono. Nilicheka nikaendelea kunoa visu vyangu. Mimi hunoa visu na makasi, hiyo ndiyo kazi iliyonibakia. Nilidhani ni kama zile dawa nyingine za mtaani: unga wa majani haya, maji ya mzizi ule, zinakuja na kupita kama maneno ya vijana. Leo wanasalimiana hivi, kesho ukiwasalimia hivyo wanakucheka.

Sasa nisikilizeni aibu yangu. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mama watoto anakaanga mandazi huku akiimba. Kuimba si jambo geni, yeye huimba. Lakini alikuwa amevimba mashavu kwa furaha, anacheka na sufuria, na aliponipa chai aliniita "kijana wangu". Hajaniita hivyo tangu kifungua mimba wetu atambae. Nikafurahi! Mzee mzima, nikajiona nimerudi kuwa kitu. Nilikaa na furaha hiyo siku nyingi na sikuuliza inatoka wapi. Mtu akifurahishwa huwa hataki kuuliza.

Halafu siku moja akainama kunimiminia chai, pumzi yake ikanipiga usoni.

Lazima mjue kwamba kwa miaka mingi mwanamke huyu amekuwa askari wa mdomo wangu. Mimi nilikunywa, sitaficha. Nilikunywa busaa, nikanywa chang'aa, na vingine ambavyo havikuwa na jina. Kila nikirudi, kabla hajafungua kitasa, huniambia, "Pumua." Napumua kwenye upenyo wa mlango kama mgonjwa, naye anaamua kama nitaingia au nitalala kwa jirani. Pombe niliiacha zamani, lakini kupumua hakukuisha, kumekuwa desturi ya nyumba. Na sasa mimi ndiye niliyekuwa nanusa.

"Mama, umekunywa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani inanuka hivi?"

"Inanuka matunda. Pua yako iliungua na chang'aa, kila kitu kwako kinanuka dhambi."

"Pumua tena."

"Nipumue mimi? Leo umekuwa nani?"

"Pumua, nakwambia."

Alikasirika akainama chini ya kitanda, akatoa chupa iliyofungwa kwa leso, imelazwa kando ya Biblia. Akaigonga mezani mbele yangu kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa polisi. "Soma mwenyewe, wewe unayejua kila kitu."

Kusoma kwangu ni kwa pole pole, herufi moja na nyingine zishikane mikono ndipo tuende. Lakini nilisoma. Waini asilia ya afya. Haina kemikali. Hushusha presha, husafisha damu, hutuliza viungo. Kwa mapishi ya wazee wetu. Na juu ya maneno hayo kulikuwa na picha, na picha mimi nazisoma upesi kuliko daktari. Ilikuwa ya mzee mwenye ndevu nyeupe, ameshika kibuyu mapajani.

Nilimjua. Kibuyu nilikijua pia, maana kile kigwe cha ngozi shingoni mwake nilikishona mimi mwenyewe.

Basi nipindie kona kidogo. Nilipokuja Nairobi nikiwa kijana, kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Kawangware, kwenye boma la mzee mmoja Mkikuyu mwenye ardhi. Siku hizo Kawangware ilikuwa na mahindi na ng'ombe, na mawe ya kujengea yalikuwa bado yamelala chini ya udongo. Nilikata nyasi, nilikamua, nilizibua mitaro. Mzee akanipenda kwa sababu nilikuwa sisemi sana. Ndiyo, mimi! Nilikuwa sisemi sana. Akanifundisha kutengeneza mratina, ile pombe ya asali wanayomwaga kwenye mazungumzo ya mahari na shughuli nyingine za wazee. Ndugu zake walinung'unika. Mluhya ataguza vipi tunda letu? Mzee akawajibu, "Mikono yake ni safi kuliko yenu."

Mratina si kazi ya haraka. Kuna lile tunda la mti wa mwegea, refu kama mkono wa mtu, wengi hulijua likining'inia tu. Unalipasua, unalianika, unalichemsha, unalilaza kwenye maji ya asali, unalianika tena. Ukilitunza hivyo linakuwa kama sponji, na ndani yake kuna uhai unaochachua. Kisha asali, kisha maji, kisha kibuyu kikae karibu na moto lakini kisiungue, na wewe ukae karibu nacho usikilize. Mratina ikiwa tayari husikika. Inanong'ona kama watu wawili wanaosengenya chumba cha pili.

Na mzee alikuwa na sheria. Siku ya shughuli, kabla pembe ya kunywea haijafika kwa mgeni yeyote, anayepika hunywa kwanza, mbele ya macho ya watu wote. Nilikuwa nasimama, nakunywa pembe yangu, nafuta mdomo, ndipo wengine wananyweshwa. Halafu nakwenda kukaa kwenye kigoda changu kando ya kibuyu. Kigoda hicho mkikumbuke.

Sitasema mratina ilikuwa dawa. Mzee hakuwahi kusema ni dawa. Ilikuwa pombe, ilileta nyimbo na ilileta matusi, na asubuhi kichwa kiliuma kama kimetwangwa. Mzee mwenyewe alipougua figo aliiacha, akabaki kuipima kwa kusikiliza tu. Ndiyo sababu nilipoona uso wake umebandikwa kwenye chupa, chini yake pameandikwa presha na damu na viungo, nilihisi kama nimemkuta marehemu amesimamishwa sokoni akilazimishwa kusema uongo.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa bado. Nilipoinama kuirudisha ile leso chini ya kitanda, mkono wangu uligusa mfuko wa karatasi. Ni ule mfuko wa kliniki. Vidonge vya presha vya mama watoto, vya mwezi mzima, vilikuwa humo vyote, karatasi zake hazijatobolewa hata moja.

Ngoja niwaambie vidonge hivyo ni nini kwetu. Mwaka wa juzi, mama watoto akichambua maharage mlangoni, mdomo wake ulikwenda upande. Maharage yakamwagika, na mkono ukakataa kuyaokota. Alikaa hivyo tangu adhuhuri mpaka jioni, akiniangalia kwa jicho moja lililokuwa linauliza. Mungu akamrudisha. Nesi wa kliniki alituambia wazi, mbele yetu wote wawili: "Shosho, hii ilikuwa hodi. Kidonge kila asubuhi, bila kuruka. Ikija tena huenda isiondoke." Tangu siku hiyo, nikiamka, kabla sijaangalia kama kumekucha naangalia mdomo wa mke wangu kama umenyooka.

"Na hivi?" nikamuuliza, nimeinua mfuko.

"Hivyo ni kemikali," akasema. "Hii ni ya asili. Nani atakunywa kemikali na ya asili iko?"

Neno hilo! Asili! Nimelisikia likitumiwa kuuza sabuni, mafuta ya nywele, hadi magodoro. Nikamwambia, mama, omena ikioza hapo Kisumu Ndogo inaoza kwa asili, hakuna kiwanda kilichoiozesha, mbona huili? Kipindupindu ni cha asili. Ule mdomo wako uliokwenda upande ulikwenda kwa asili kabisa. Akaniambia nina roho ya upinzani. Akajimiminia glasi yake mbele yangu, akafumba macho, akaomba, akanywa.

Kesho yake nikatembea hadi Kawangware. Ni mwendo, kwa miguu yangu ya sasa, lakini hasira ni fimbo nzuri. Boma silo tena. Pale palipokuwa na zizi pamesimama nyumba za kupanga, ghorofa kwa ghorofa, nguo zimeanikwa kila tundu. Mwana wa mzee, niliyemkuta akiwa mchanga na kumwacha ana ndevu, ndiye mwenye ploti, na ndiye mwenye waini. Alinipokea kwa mikono miwili, siwezi kumsingizia.

"Sasa mzee wangu! Ulipotelea wapi?"

"Sikupotea. Niko Kibera. Kibera haijahama."

"Wewe bado na mdomo! Karibu, karibu uone kazi."

Mlangoni alikuwa ametundika matunda mawili ya mwegea. Moyo wangu ukalainika. Nikayagusa. Yalikuwa yamepakwa vanishi.

"Haya yamepakwa vanishi," nikasema.

"Yanang'aa, ama?"

"Tunda la vanishi linachachua nini?"

"Mzee, hayo ni ya wageni kupiga picha. Kuchachua tutaanza kungoja mpaka lini? Hii ni biashara."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa ya plastiki ya buluu, gunia la sukari, kopo la rangi nyekundu, na jerikeni nyeupe zilizofungwa vizuri. Nikasimama kimya nisikilize. Hakuna kilichokuwa kinanong'ona. Nikafungua jerikeni moja, nikainusa, machozi yakanitoka, na hayakuwa ya huzuni. Ilikuwa spiriti kavu, ile ya kuwasha kooni.

"Asali iko wapi?"

"Asali ni ghali. Tunaweka ladha yake."

"Na nani alikwambia hii inashusha presha?"

"Wateja wenyewe wanasema. Mzee, sijasema ni dawa. Nimesema ni ya afya. Hizo ni vitu mbili."

"Chupa inasema inashusha presha."

"Huyo ni mtu wa lebo alijaza nafasi. Lakini si watu wote wanajua waini ni nzuri kwa moyo? Hata wazungu wanakunywa na chakula."

Nikamwambia wazungu wanakunywa, na wanakufa pia, nimewahi kufyeka nyasi kwenye makaburi yao. Akacheka, akanipiga begani. Kisha akasema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mkono unaniwasha. Alisema Jumamosi anakuja kwa chama cha akina mama pale Kisumu Ndogo, nije nisimame naye, niwaambie kwamba nilikuwa mpishi wa babake, na kwamba ndiyo ile ile. "Nitakupa katoni nzima, mzee wangu. Ukanywe na mama."

Ukanywe na mama!

Nikamjibu, "Nitakuja." Akafurahi sana. Hakuniuliza nakuja kufanya nini.

Jumamosi mchana akina mama walijaa ukumbi wa kanisa, mabati yanachoma juu. Mama watoto alikaa mstari wa pili. Mwenyekiti wao, mama mnene muuza omena, mwenye sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya mto, alifungua kwa sala. Kijana akapanga chupa zake mezani, babake kwenye lebo anatutazama mara ishirini. Akaongea vizuri. Angekuwa mhubiri, angejenga kanisa. Alisema magonjwa yote yameletwa na kemikali, babu zetu hawakujua presha, na ukiona vidonge vinakuchosha ujue mwili unakuambia ukweli. Akina mama wakaitikia, "Kweli!" Mke wangu pia akaitikia. Nilimsikia.

Nikasimama. "Mimi ndiye niliyempikia baba wa huyu kijana," nikasema.

"Mnaona?" kijana akapiga makofi. "Huyu ndiye shahidi!"

"Na katika boma la babako, anayepika hunywa kwanza. Jimiminie. Ijaze."

Nilidhani nimemkamata. Nilikuwa nimeifikiria hotuba hiyo njia nzima, usiku na mchana, nikinoa visu nailamba kama peremende. Kijana akajimiminia glasi, akaijaza mpaka juu, akainywa yote bila kupumua. Akaigeuza chini, halikudondoka tone. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Tosha, mzee?" akaniuliza.

"Baba watoto, keti," mke wangu akasema bila kuniangalia. "Unanitia aibu."

Nikabaki nimesimama kama nguzo iliyosahauliwa na fundi. Nitasema ukweli, nilitaka kutoka. Mtu mwenye afya na miaka arobaini na kitu atakunywa glasi ya spiriti yenye sukari, itamfanya nini? Nilikuwa nimeitegemea desturi, na desturi imenivunjikia mkononi. Ndipo macho yangu yakaangukia kiti cha plastiki kilichokuwa kitupu pale mbele, na nikakumbuka kigoda.

Nilikuwa nimekumbuka nusu tu ya sheria ya mzee, na hiyo nusu ni rahisi, mwizi yeyote anaiweza. Baada ya kunywa, mpishi hukaa. Hukaa kwenye kigoda kando ya kibuyu hadi mnywaji wa mwisho ainuke kwa miguu yake mwenyewe. Haondoki, hata aitwe na nani. Mara moja mgeni mmoja alishikwa na tumbo, akagaagaa, na mzee aliniambia, "Usisogee. Chochote kitakachompata huyu kitakukuta umekaa hapo." Nikakaa, nikimwangalia yule mtu akitapika, mpaka alipoomba uji. Tangu siku hiyo sikuwahi kuharakisha mratina tena. Nilijua ninachokipika nitakikalia.

Nikakivuta kile kiti cha plastiki, nikakiweka katikati, mbele ya akina mama.

"Keti," nikamwambia.

"Nini?"

"Babako alikuwa na kigoda. Ukishakunywa, unakaa na waliokunywa. Mke wangu huyu hapa ana presha, iliwahi kumpinda mdomo, na ninyi akina mama mliona. Ana mwezi hajameza kidonge kwa sababu ya chupa yako. Sasa kaa nasi. Anywe kipimo chako, halafu twende sote kliniki, ni hapo tu nyuma ya wauza omena, apimwe. Wewe ukae mpaka nesi aseme imeshuka."

Kijana akacheka. "Mzee wangu, boda boda iko nje inaningoja. Kuna akina mama wengine Silanga."

"Silanga haitoroki," mwenyekiti akasema. "Keti kidogo, mwanangu."

"Kweli, keti," akasema mwingine. "Si ni dawa?"

"Ama kiti kinauma?"

"Madam, mimi si daktari," kijana akasema, na mkono wake tayari unarudisha chupa ndani ya mfuko.

"Eh!" mwenyekiti akapaza ile sauti yake. "Wiki iliyopita si ulikuwa?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na meno. Kijana akasema ana mkutano, akasema simu inamwita, akasema atarudi na chati. Akatoka, chupa zinagongana mfukoni. Na mjue jinsi dunia ilivyo: akina mama wawili walimfuata nje wakanunua. Nilitaka kuwakimbilia, lakini miguu ikakataa. Kiti kilibaki katikati ya ukumbi, hakuna aliyekikalia, na mke wangu alikuwa anakiangalia.

Aliinuka, akachukua leso yake, akatoka na mwenyekiti wake kuelekea kliniki. Mimi nilifuata nyuma, mbali kidogo, kama mbwa aliyefukuzwa ambaye bado anajua nyumbani.

Nesi alimpima mkono wa kulia. Akampima wa kushoto. Akarudia wa kulia. Zile nambari mimi sizielewi, lakini uso wa nesi niliuelewa vizuri. Akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Shosho, niambie tu ukweli, sitakugombeza. Unakunywa pombe?"

"Mimi?" mama watoto akasema. "Mimi nimeokoka."

Mwenyekiti akatoa chupa yake mwenyewe mkobani. Nesi akaifungua, akanusa. "Shosho, hii ni pombe. Na ni kali. Pombe inapandisha presha, hata ikichorwa mzee, hata ikichorwa malaika. Na vidonge je?"

Hapo ndipo mke wangu alipolia. Nilidhani analia kwa kuogopa kufa. Sivyo. Alikuwa anarudia neno moja, "Nimekuwa mlevi. Nimekuwa mlevi na ninaimba kwaya." Miaka yote hiyo! Miaka yote hiyo ya kunipumuisha mlangoni, ya kukataa hata dawa ya kikohozi mpaka aulize ina nini ndani, na mtu mmoja mwenye mapipa ya buluu akamwibia usafi wake kwa glasi mbili kwa siku, na bado alimwacha anamwombea baraka. Presha inaweza kushushwa. Hilo lingine litashushwa na nini? Nani atamrudishia? Mtu wa lebo?

Nilisema katika chumba kile maneno ambayo sitayaandika. Nesi alinitoa nje.

Walimweka hapo mpaka jua lilipoanza kushuka, wakampa dawa, wakampima tena, wakasema anaweza kwenda lakini arudi baada ya siku mbili. Tulitembea kurudi Mashimoni, yeye mbele, mimi nyuma. Nyumbani alikaa kitandani na kiatu bado mguuni. Nikaichukua ile chupa yake nikaimwaga kwenye mtaro, na inzi waliokuwa pale wakaondoka. Picha ya mzee niliibandua kwa maji ya moto, pole pole, isichanike. Sikujua niiweke wapi. Yeye akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia ndani ya Biblia.

Asubuhi nilimmiminia maji kikombe, nikatoboa karatasi ya kidonge, nikamshikia. Hakukichukua. Aliniangalia kwa macho mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Ulinitia aibu mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo."

"Haya. Maji umeyachota wewe?"

"Mimi."

"Basi kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Akapokea kikombe, akameza, akafungua mdomo nione kwamba kimekwenda. Mdomo wake ulikuwa umenyooka. Nje akina mama walikuwa wameanza kupanga jerikeni, na nikasikia mmoja akiuliza kama yule kijana wa waini atapita wiki hii. Damu ikanipanda, nikainuka niende kuwajibu.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akasema. "Rudi. Keti hapo."

Nikaketi.